Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Utangulizi wa Elimu ya Prebiotiki

Ukifika kwenye mashine ya kusaga na debe lako la mahindi, swali la kwanza ni lile lile siku zote: dona au sembe? Ukisema dona, mahindi yanamiminwa moja kwa moja yakasagwe, ganda na kiini pamoja. Ukisema sembe, yanapitishwa kwanza kwenye mashine ya kukoboa. Upande mmoja yanatoka mahindi meupe yaliyovuliwa nguo, upande wa pili zinaanguka pumba ndani ya gunia. Gunia hilo lina wateja wake. Wafugaji wa kuku na nguruwe wanaliulizia bei kabla halijajaa. Mwenye mahindi anajitwika unga wake na kwenda zake, akiamini kwamba chakula ni kile alichobeba na kilichobaki nyuma ni cha mifugo.

Nimeanzia mashineni kwa sababu hata lugha yetu imewahi kufikiri hivyo. Vitabu vya lishe vya Kiswahili vina neno makapimlo kwa zile sehemu za mimea ambazo mwili haumeng'enyi, na ambazo wengi tunaziita nyuzinyuzi. Makapi kila aliyeshika ungo anayajua: ni yale yanayopeperuka wakati punje zinarudi. Neno hilo halikumkosea mtu kwa elimu ya siku zile. Wataalamu wa lishe duniani kote walihesabu protini, mafuta, wanga, vitamini na madini, kisha mabaki wakayaandika mstari wa mwisho. Elimu ninayokukaribisha leo imetokana na kuurudia mstari huo wa mwisho na kuuliza: chakula ambacho mimi siwezi kukimeng'enya kinaliwa na nani? Na huyo anayekila ananilipa nini?

Kinaliwa na wageni. Ndani ya utumbo mpana wa kila mmoja wetu wamo bakteria wengi kupita hesabu ya seli zetu wenyewe. Hawakuzaliwa nasi, ila walihamia tangu siku zetu za kwanza, na hawajaondoka. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika elimu hii methali hiyo inasomeka neno kwa neno: wageni wakilishwa vizuri, mwenyeji hupona. Prebiotiki ni jina la chakula chao.

Safari ya tonge

Tufuatane na tonge moja la ugali na maharage. Mdomoni, mate yanaanza kuukata wanga. Tumboni, asidi inaivuruga protini. Katika utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita kama 6, vimeng'enya vya kongosho na vya kuta za utumbo vinamalizia kazi: wanga unageuka glukosi, protini inageuka asidi amino, na vyote vinafyonzwa kuingia damuni. Hadi hapo mlo ulikuwa wako.

Lakini ndani ya tonge lile kulikuwa na minyororo ya sukari ambayo imepita kote huko bila kukatwa. Kila kimeng'enya hukata aina yake ya kiungo tu, na mwili wa binadamu umepewa vichache sana: vile vya kushughulikia wanga na sukari za chakula havifiki 20. Bakteria mmoja tu wa utumbo mpana, aitwaye Bacteroides thetaiotaomicron, anavyo zaidi ya 200. Kwa hiyo kile tunachokiita kisichomeng'enyeka kilikuwa kinasubiri tu kufika kwa mwenye nyenzo.

Utumbo mpana una urefu wa mita 1.5 hivi, na humo ndimo wageni wamejazana. Mwaka 2016 watafiti watatu, Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo, walipiga hesabu upya na kukadiria kuwa mtu mzima hubeba bakteria trilioni 38, dhidi ya seli trilioni 30 za mwili wake. Wote kwa pamoja wana uzito wa gramu kama 200 tu. Hakuna hewa ya oksijeni humo, kwa hiyo wanaishi kwa kuchachua, kazi ile ile inayofanyika ndani ya chombo cha togwa kilichofunikwa na kuachwa pembeni mwa jiko. Togwa hutupa uchachu. Utumbo mpana hutupa asidi fupi za mafuta, na tatu kati yake ndizo kubwa: asetati, propionati na butirati.

Hizi ndizo malipo ya wageni. Butirati haisafiri mbali, maana seli zinazoufunika ukuta wa utumbo mpana zinaidaka pale pale na kupata kwayo takriban asilimia 70 ya nguvu zao. Propionati inakwenda kwenye ini. Asetati inaingia kwenye mzunguko wa damu na kutumika mwilini kote. Uchachu wenyewe nao una faida, kwa kuwa vimelea wengi wa maradhi hawapendi mazingira ya asidi, na madini kama kalsiamu hufyonzwa kwa urahisi zaidi humo.

Kazi hiyo haifanywi na bakteria mmoja peke yake. Wapo wanaovunja mnyororo mgumu, kama Ruminococcus bromii afanyavyo kwa wanga sugu tutakaokutana nao mbele, na vipande vinavyoanguka vinaokotwa na wengine. Wapo wanaotoa asetati, na jirani zao wanaichukua na kuigeuza butirati. Ni kama shamba la ushirika: mmoja anafyeka, mwingine anapanda, wa tatu anavuna. Ndiyo maana kumlisha bakteria mmoja huishia kuwalisha watano.

Wasipolishwa je? Mwaka 2016 yalichapishwa majaribio ya panya wa maabara walionyimwa makapimlo. Bakteria wao waligeukia ute unaoufunika ukuta wa utumbo na kuanza kuula, hadi ukawa mwembamba na vimelea wakapata njia. Panya si mtu, na mwanafunzi wa elimu hii asilisahau hilo hata siku moja. Ila picha ile inatosha kueleweka: mgeni mwenye njaa huanza kula dari ya nyumba.

Mama aliyejua kabla ya maabara

Ushahidi wa zamani kuliko wote wa jambo hili unapatikana kifuani mwa mama. Ukiondoa maji, kitu kingi zaidi katika maziwa ya mama ni laktosi, kinachofuata ni mafuta, na cha tatu ni jamii ya sukari za minyororo mifupi ziitwazo oligosakaridi. Zimetambuliwa za aina zaidi ya 150, na dang'a, yale maziwa mazito ya siku za kwanza, ndiyo yenye nyingi zaidi. Cha ajabu ni kwamba mtoto hawezi kuzimeng'enya. Mama anatumia nguvu za mwili wake kutengeneza sukari ambazo mwanawe hana kimeng'enya cha kuzikata.

Mwanzo wa jibu ulionekana Paris. Mwaka 1899, katika Taasisi ya Pasteur, daktari Henri Tissier alichunguza kinyesi cha watoto wanaonyonya akawaona bakteria wenye umbo la herufi Y. Leo tunawaita bifidobakteria. Walikuwa wengi mno kwa watoto wa maziwa ya mama. Ilichukua miongo mingi baadaye kujulikana kwa nini. Oligosakaridi za maziwa zinapita tumboni na katika utumbo mwembamba zikiwa karibu nzima, na zinapofika chini zinamkuta bifidobakteria mmoja, wa jamii ndogo iitwayo infantis, ambaye anazivuta ndani ya mwili wake zikiwa nzima na kuzikatia humo, bila kumwachia jirani makombo. Anashiba, anazaana, anatoa asidi, na wabaya wanakosa nafasi. Tena baadhi ya sukari hizo zinafanana na vishikizo vilivyo kwenye kuta za utumbo. Kimelea anajishika kwenye sukari akidhani ni ukuta, na anatolewa pamoja nayo.

Kwa hiyo mama ananyonyesha wawili kwa wakati mmoja: mtoto, na wageni wa mtoto. Mengine yote katika elimu ya prebiotiki ni juhudi ya kuielewa hekima hiyo na kuona kama inaweza kuendelezwa mtoto akishaachishwa ziwa.

Jina na masharti yake

Jina lenyewe lilitolewa mwaka 1995 na watafiti wawili, Glenn Gibson wa Uingereza na Marcel Roberfroid wa Ubelgiji. Limetafsiriwa upya mara kadhaa. Tafsiri inayotumika zaidi leo ilitolewa na jopo la wataalamu wa kimataifa mwaka 2017, na kwa maneno yangu inasema hivi: prebiotiki ni kitu kinachotumiwa kwa uchaguzi na vijidudu vya mwenyeji na kumletea mwenyeji faida ya afya.

Mgeni wa elimu hii aikariri tafsiri hiyo kwa masharti yake matatu. Kwanza, kitu hicho kitumiwe na vijidudu, kisiishie kuwa mali ya mwenyeji njiani. Pili, kiwe cha uchaguzi, yaani kiwanufaishe baadhi yao, siyo kila anayepita. Tatu, mwenyeji apate faida inayopimika. Kikikosa moja, jina hakistahili.

Hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo matatu. Probiotiki ni wageni wenyewe: bakteria hai wanaoliwa kwa kipimo cha kutosha kuleta faida, kama wale wanaowekwa katika baadhi ya mtindi wa dukani. Prebiotiki ni chakula cha wageni waliokwishakaa. Makapimlo ni jina pana zaidi, na si makapimlo yote ni prebiotiki. Selulosi, ile inayoipa majani ukakamavu, kwa sehemu kubwa hutoka kama ilivyoingia. Kazi yake ni kukipa choo wingi na ulaini. Pumba za mahindi nazo nyuzi zake nyingi ni ngumu kuchachuka. Kwa hiyo dona ni bora kuliko sembe kwa sababu kadhaa za haki, za vitamini, madini na mafuta ya kiini, lakini anayeiita dona prebiotiki kwa sababu tu ina pumba ameruka sharti la pili na la tatu. Naliweka hili mapema ili usije ukadhani nimeanza na mashine ili niiuze dona.

Zipo zilizotimiza masharti. Inyulini ndiyo maarufu kuliko zote. Ilitengwa mara ya kwanza mwaka 1804 na mwanakemia Mjerumani Valentin Rose kutoka mizizi ya mmea wa dawa, na leo viwanda huitoa kwenye mizizi ya chikori. Ni mnyororo wa fruktosi ulioungwa kwa namna ambayo vimeng'enya vyetu havina pa kuanzia. Jikoni kwako inyulini na ndugu zake wafupi wamo kwenye kitunguu saumu, kitunguu maji na ngano, na kwa kiasi kidogo kwenye ndizi mbivu. Nyingine ni galakto-oligosakaridi, ambazo viwanda hutengeneza kutokana na laktosi ya maziwa kwa msaada wa vimeng'enya na kuzitia katika maziwa ya kopo ya watoto.

Na maharage? Yana rafinosi na stakiosi, sukari fupi ambazo sisi hatuzimeng'enyi na wageni wanazishangilia. Kelele za tumbo baada ya sahani ya maharage ni sauti ya karamu hiyo: haidrojeni, kaboni dayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani. Yule anayeloweka maharage usiku kucha na kuyamwaga maji asubuhi anapunguza sukari hizo, maana huyeyuka majini. Anapata utulivu, na wageni wanapata pungufu kidogo. Kuloweka si kosa. Ni biashara, na ni vizuri kujua unauza nini.

Mizani ya Mulago

Historia ya fani hii ina mlango wake Afrika Mashariki. Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alifika Kenya mwaka 1929 na baadaye akahamia Uganda. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na jina lake limebaki kwenye saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958. Wote wawili waliona jambo ambalo vitabu walivyosomea Ulaya havikuwaandaa nalo. Katika wadi za Afrika Mashariki, kansa ya utumbo mpana, maradhi ya kidole tumbo na matatizo mengi ya haja kubwa yaliyojaza hospitali za kwao yalikuwa nadra.

Burkitt alianza kupima kinyesi. Aliwaomba madaktari wa hospitali za vijijini wampimie uzito wake, na pia muda ambao chakula kinachukua kutoka mdomoni hadi chooni. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha matokeo katika jarida la Lancet. Wanavijiji wa Uganda walitoa choo cha zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita kwa muda wa siku moja na nusu hivi. Waingereza walitoa robo ya uzito huo, na chakula chao kilikaa siku tatu. Tofauti, alisema Burkitt, ni makapimlo.

Wazo lilikuwa kubwa, ila maelezo yake yalikuwa ya ufagio na sifongo: makapimlo yananyonya maji, yanajaza, yanasukuma, yanasafisha. Mwaka 1980 Alison Stephen na John Cummings, huko Cambridge, walikichambua kinyesi cha watu waliokula chakula cha Kiingereza wakakuta kwamba zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu ni bakteria. Sifongo ilikuwa hai. Makapimlo mengi hayakuwa yanapita tu; yalikuwa yanaliwa, na walaji walikuwa wanazaana kwa wingi kiasi cha kuonekana kwenye mizani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo elimu ya makapi ilipogeuka elimu ya wageni.

Hoja ya Burkitt ilirudi kupimwa kwa namna mpya mwaka 2015. Stephen O'Keefe na wenzake waliwabadilishia vyakula watu 20 wa Marekani wenye asili ya Afrika na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini kwa wiki mbili. Wamarekani walipandishwa kutoka gramu 14 za makapimlo kwa siku hadi 55. Waafrika Kusini wakashushwa kutoka 66 hadi 12, pamoja na kuongezewa nyama na mafuta. Katika wiki hizo mbili tu butirati ilipanda kwa kundi la kwanza na kushuka kwa la pili, na dalili za uvimbe na za seli za utumbo kugawanyika kwa kasi zikafuata njia hiyo hiyo: nafuu kwa wa kwanza, hali mbaya zaidi kwa wa pili. Hakuna aliyeugua wala kupona saratani ndani ya wiki mbili. Kilichoonekana ni jinsi wageni wanavyoitikia upesi kinachowekwa mezani.

Kiporo

Sasa fungua kabati uchukue sahani ya wali wa jana. Jana usiku ulipotoka jikoni, punje zilikuwa laini. Ukizibonyeza kwa kidole zinasagika. Leo zimekakamaa, kila moja inasimama peke yake, na ukiivunja moja ndani yake ni nyeupe kama chaki. Kilichotokea ni hiki. Wakati wa kupika, maji na moto viliifungua minyororo ya wanga iliyokuwa imejikunja ndani ya punje. Wali ulipopoa, baadhi ya minyororo hiyo ilijipanga upya, ubavu kwa ubavu, ikabana kiasi kwamba kimeng'enya cha kongosho hakipati upenyo. Wanga ule umekuwa sugu. Utapita utumbo mwembamba na kwenda kwa wageni, ambao huupenda kwa kutengenezea butirati.

Jina wanga sugu lilitolewa na Hans Englyst mwaka 1982. Hugawanywa kwa makundi: ule uliofungiwa ndani ya nafaka na kunde zisizosagwa sana, ule wa asili ulio mbichi kama wa ndizi mbichi na viazi vibichi, ule uliopikwa ukapoa kama wa kiporo, na ule wa viwandani. Ndizi inafundisha vizuri. Ikiwa kijani, wanga wake mwingi ni sugu. Inapoiva, wanga unageuka sukari. Ukiipika ikiwa kijani, moto unaondoa usugu mwingi, na ikipoa sehemu yake inarudi. Kupasha moto kiporo hakuondoi usugu wote uliojengeka.

Naona msomaji anayependa kiporo cha ugali na chai ya asubuhi anatabasamu. Na atabasamu, lakini kwa kiasi. Kiwango kinachoongezeka si kikubwa sana, na wali ulioachwa kwenye sufuria jikoni usiku kucha katika joto la pwani hukuza bakteria wengine, Bacillus cereus, ambao sumu yao haiondoki kwa kupasha moto. Kiporo cha elimu hii hupozwa haraka na kuwekwa kwenye friji, au mahali pa baridi kweli kweli.

Eyasi, Kwale, Kilimanjaro

Wageni hawafanani toka nyumba moja hadi nyingine, na uchunguzi wa karibu na kwetu umelionyesha hilo vizuri. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wanaishi, wale ambao bado wanawinda na kukusanya, kwa mizizi ya porini, mabuyu, matunda madogo, asali na nyama. Makapimlo yao kwa siku ni mara kadhaa ya yale ya mkazi wa mji. Mwaka 2014 utafiti uliochapishwa kuhusu Wahadzabe 27 ulikuta kwamba watu wazima hawana bifidobakteria, wale wale wanaosifiwa kwenye makopo ya dukani, na wana afya zao. Mwaka 2017 utafiti mwingine ulionyesha kuwa bakteria wao hubadilika kwa majira: baadhi hupotea msimu mmoja na kurejea msimu unaofuata, kama chakula chenyewe. Kwa hiyo hatuwezi kusema bakteria fulani ndiye mzuri kwa kila mtu. Tunaweza kusema kwamba wingi wa aina za chakula cha wageni hualika wingi wa wageni.

Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya, watafiti walikuwa na tatizo la vitendo. Watoto wanapungukiwa damu, na dawa rahisi ni kuchanganya unga wenye madini ya chuma kwenye uji wao wa mahindi. Lakini chuma kisichofyonzwa hufika utumbo mpana, na vimelea wa maradhi wanakipenda sana. Mwaka 2015 majaribio kwa watoto 115 wa Kenya yalionyesha kuwa chuma hicho kiliongeza bakteria wabaya. Mwaka 2017 yakachapishwa mengine, ya watoto 155 wa umri wa miezi sita na nusu hadi tisa na nusu, kwa miezi minne. Baadhi walipewa chuma peke yake. Wengine walipewa chuma pamoja na gramu 7.5 za galakto-oligosakaridi kwa siku. Kwa hao wa pili madhara mengi ya chuma kwenye utumbo yalipunguzwa. Huo ni mfano safi wa prebiotiki ikifanya kazi maalumu, kwa kipimo kinachojulikana, kwa watu wanaoihitaji.

Na mwaka 2025, mkoani Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania, ikatoka taarifa ya majaribio ya wanaume 77 wenye afya. Wa vijijini walipewa kwa wiki mbili chakula cha mjini cha mtindo wa magharibi, wa mjini wakapewa chakula cha asili cha huko, chenye mboga, kunde, ndizi na nafaka zisizokobolewa, na kundi la tatu likanywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachuliwa, kwa wiki moja. Walioacha chakula cha kijijini, dalili za uvimbe katika damu zilipanda na seli za kinga zikawa dhaifu zaidi mbele ya vimelea. Waliokirudia na waliokunywa mbege, mengi yalikwenda upande wa nafuu, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Sitasema hilo lilitokana na prebiotiki peke yake. Mlo mzima una mengi ndani yake. Nasema tu kwamba sahani inayobezwa kuwa ya kishamba inachunguzwa sasa katika maabara kubwa, na haijaaibika.

Maswali matatu ya kuingilia dukani

Soko limelisikia neno hili mapema kuliko shule. Utaliona kwenye biskuti, kwenye maziwa ya kopo, kwenye vidonge vya bei. Kabla hujafungua pochi, rudi kwenye masharti matatu uyageuze maswali. Kinachotumiwa ni kitu gani hasa, na kinafika utumbo mpana? Kinamlisha nani? Faida gani imepimwa, kwa watu gani, kwa kipimo gani? Inyulini ya chikori, kwa mfano, ina ushahidi wa kusaidia watu kupata choo kwa utaratibu, lakini kwa gramu 12 kwa siku. Biskuti yenye gramu moja imekuuzia jina.

Ongeza na subira. Mtu aliyezoea sembe, chipsi na soda akianza ghafla na bakuli la kunde na vitunguu saumu atavimbiwa na atailaumu elimu bure. Aanze kidogo, aongeze wiki hadi wiki, anywe maji. Wapo pia wenye utumbo mwepesi kukereka, ambao hizi sukari za kuchachuka huwaletea maumivu ya kweli. Hao wazungumze na daktari au mtaalamu wa lishe kabla ya kubadilisha lolote. Na kwa mtoto mchanga, prebiotiki bora haina kopo: ni ziwa la mamaye.

Kwa sisi wengine, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapimlo kwa siku kutoka kwenye chakula chenyewe. Hilo halihitaji duka maalumu. Sahani ya makande, mahindi na maharage vikiwa vizima, pamoja na mboga ya majani na kitunguu ndani yake, imebeba wanga uliofungiwa kwenye punje, sukari za maharage na minyororo ya fruktosi ya kitunguu, kila kimoja kwa kundi lake la walaji.

Wanafunzi wangu wa muhula wa kwanza nawapa zoezi moja kabla hatujagusa darubini, nami nakupa wewe. Chukua karatasi uipige mstari katikati. Juu ya safu ya kushoto andika "changu", juu ya ile ya kulia andika "cha wageni". Kisha ukumbuke mlo wako wa jana, kitu kimoja kimoja, kuanzia chai ya asubuhi, na kila kimoja ukipeleke upande kinakostahili. Vingine utavigawa katikati. Ukimaliza, itazame safu ya kulia. Ikiwa imebaki tupu, basi jana ulikula peke yako, na nyumba imejaa wageni.